Sura ya Tano: Nukta Nyekundu

Matone ya kutanua mboni huchoma kidogo yanapoingia, kisha herufi huanza kuyeyuka. Baada ya nusu saa hivi, mtoto aliyesoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini kabisa hawezi tena kusoma jina lake mwenyewe kwenye daftari. Anashikwa mkono, anakalishwa mbele ya mashine, kidevu kinawekwa juu ya kishikio na paji la uso linaegemezwa kwenye mkanda. "Tazama hiyo taa ya kijani, mwanangu. Usipepese." Mwanga unamulika mara moja. Kwenye kioo cha kompyuta, sehemu ya ndani ya jicho lake inatokea imetandazwa kama ramani: nchi ya rangi ya chungwa, duara la njano hafifu upande mmoja, na kutoka ndani ya duara hilo mito myekundu inayogawanyika kuwa vijito, vijito kuwa nyuzi, nyuzi kupotelea ukingoni.

Mtoto huyu haumwi. Anaona vizuri, anacheza mpira na wenzake, hajawahi kulalamikia macho. Ameletwa kwa sababu ya mama yake, ambaye jicho lake la kushoto halioni tangu ujana, na kwa sababu ya babu yake, aliyefariki kwa uvimbe kichwani kabla mama hajaolewa. Familia za namna hii ziko katika kila bara, na kliniki ya macho ni sehemu ya kalenda yao ya mwaka kama ilivyo siku ya kufungua shule. Wanachotafuta madaktari kwenye ramani ile ni nukta moja nyekundu, ambayo huenda ikawa haizidi upana wa mshipa uliopita jirani nayo. Ikionekana leo, dakika chache za leza zinaweza kuizima. Ikionekana baada ya miaka kadhaa, jicho linaweza kuwa limekwisha kwenda.

Ugonjwa wenyewe unaitwa von Hippel-Lindau, kwa kifupi VHL. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 36,000 wanaozaliwa. Ni ugonjwa wa kurithi: mzazi mwenye jeni hiyo yenye kasoro humpitishia kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Huotesha vivimbe vya mishipa ya damu kwenye retina, kwenye ubongo wa nyuma na kwenye uti wa mgongo. Huweza kuleta saratani ya figo, vivimbe vya kongosho na vya tezi zilizo juu ya figo. Takriban nusu ya walio nao, pengine zaidi, hupata vivimbe vya retina wakati fulani maishani, na mara nyingi jicho ndilo la kwanza kutoa habari. Ndiyo maana sura hii inahusu picha za jicho. Nataka kuonyesha jinsi wanadamu walivyojifunza kuiona nukta hiyo, kila kizazi mapema kidogo kuliko kilichotangulia, na kwa nini picha yenye thamani kuliko zote katika safari hiyo ni ile ambayo haina kitu.

Mlango uliokuwa wazi siku zote

Mwili umeificha mishipa yake ya damu chini ya ngozi, nyama na mifupa. Unaweza kuihisi ikidunda kwenye kifundo cha mkono, au kuiona ikipita chini ya ngozi kama kivuli, lakini huwezi kuutazama mtandao wake wote ukiwa kazini bila kupasua. Retina ni tofauti. Ni utando wa nyuma ya jicho, mwembamba wa takriban robo milimita, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Mbele yake yote ni angavu: konea, maji, lenzi, na ute mzito kama wa yai. Maumbile yalilazimika kuacha njia hiyo wazi ili mwanga uingie. Na njia inayopitisha mwanga kuingia, inaweza pia kumpitisha mtazamaji.

Kuna jambo jingine. Mimba ikiwa bado changa, retina huchipuka kutoka kwenye ubongo wenyewe. Mishipa yake midogo inafanana sana na ile ya ubongo. Kwa hiyo anayeitazama retina anatazama kipande cha ubongo kilichosogezwa mbele, kikawekwa nyuma ya dirisha.

Hata hivyo, kwa karne nyingi hakuna aliyeona kitu humo ila weusi. Hermann von Helmholtz, aliyekuwa akifundisha fiziolojia katika mji wa Königsberg, ndiye aliyeeleza sababu na kutengeneza chombo cha kuishinda, mwishoni mwa 1850, akakitangaza kwa maandishi 1851. Mwanga unaoingia kwenye mboni, alisema, hurudi kwa njia ileile uliyoingilia. Anayetaka kuuona ukirudi lazima aweke jicho lake kwenye njia hiyo, lakini akifanya hivyo kichwa chake kinauziba usiingie. Helmholtz alichukua vipande vya kioo angavu, akaviinamisha, vikawa vinaakisi mwanga wa taa kuupeleka ndani ya jicho, huku vikimruhusu yeye kutazama kupitia hapohapo. Mboni iliyokuwa nyeusi ikageuka nyekundu, na ndani ya wekundu huo mishipa ikaonekana. Chombo hicho, oftalmoskopu, kikasambaa haraka katika hospitali za Ulaya.

Mmoja aliona jicho, mwingine ubongo

Katika mji huohuo wa Königsberg, mwaka 1867, alizaliwa Eugen von Hippel. Baba yake, Arthur von Hippel, alikuwa daktari wa macho ambaye jina lake limebaki katika historia ya upandikizaji wa konea. Mwana akafuata kazi ya baba. Mwaka 1904 alichapisha makala ambayo hata kichwa chake kilitangaza kwamba inahusu ugonjwa adimu sana wa retina.

Alichokiona, kila daktari wa macho hukitambua leo akikiona mara moja tu. Mishipa miwili, ateri na vena, inatoka katikati ya retina ikiwa minene mno kuliko jirani zake, inajipindapinda kama kamba iliyolegezwa, na kuishia pamoja kwenye tufe jekundu lililokaa pembezoni. Ateri inalilisha tufe, vena inaondoa damu yake. Kuzunguka tufe, na wakati mwingine mbali nalo, kumetapakaa madoa ya manjano: mafuta yaliyovuja pamoja na maji ya damu. Mwaka 1911, baada ya kuchunguza jicho la namna hiyo chini ya darubini, von Hippel aliandika kwamba kiini cha ugonjwa ni mishipa ya damu yenyewe, ikiota pasipo mpango.

Hakujua kwamba alikuwa ameshika mkia wa mnyama mkubwa. Aliyemwona mnyama mzima alikuwa Arvid Lindau, mwanapatholojia wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden. Katika tasnifu yake ya 1926 Lindau alikuwa akichunguza vifuko vya maji vinavyoota kwenye ubongo wa nyuma. Alipokusanya taarifa za wagonjwa na za maiti zilizopasuliwa, alitambua kwamba uvimbe wa mishipa uliokuwa umejificha ukutani mwa vifuko hivyo ulifanana na ule wa retina, na kwamba baadhi ya watu walikuwa na vyote viwili, pamoja na vifuko kwenye figo na kongosho. Jicho la von Hippel na ubongo wa Lindau vilikuwa vya ugonjwa mmoja. Kuanzia hapo, daktari aliyeona tufe jekundu ndani ya jicho alipaswa kuuliza habari za kichwa, za figo, na za ndugu wa mgonjwa.

Jeni yenyewe ilipatikana 1993, kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya tatu. Ugunduzi huo ulifungua pia historia za familia ambazo hazikuandikwa popote. Katika eneo la Msitu Mweusi kusini mwa Ujerumani, familia nyingi zenye VHL zilikutwa na badiliko moja lilelile la herufi ndani ya jeni. Badiliko hilohilo lilikutwa upande wa pili wa Atlantiki, kwa familia za Pennsylvania zenye asili ya Ujerumani. Babu mmoja wa zamani aliwaachia wote alama hiyo, na waliovuka bahari katika karne ya 18 walisafiri nayo pasipo kujua. Lakini si wagonjwa wote wana ukoo wa kuutazama. Takriban mmoja kati ya watano ndiye wa kwanza kwao, kwani badiliko limezaliwa naye.

Mgambo unaolia bila jambo

Kwa nini mishipa ya damu iote mahali isipohitajika? Jibu la swali hilo liliwapatia wanasayansi watatu Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019: William Kaelin wa Boston, Peter Ratcliffe wa Oxford na Gregg Semenza wa Baltimore. Kaelin aliufikia ukweli huo kwa kuanzia na ugonjwa huu adimu.

Kila seli inahitaji oksijeni, na kila seli ina namna ya kuomba inapopungukiwa. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Ndani ya seli mpiga mbiu ni protini inayoitwa HIF. Oksijeni ikipungua, HIF hupiga mbiu: leteni mishipa mipya, ongezeni chembe nyekundu za damu. Moja ya amri zake huzalisha VEGF, kemikali inayochochea mishipa kuchipua na kuta zake kulegea. Oksijeni ikiwa ya kutosha, HIF haipaswi kusikika kabisa. Inatengenezwa na kuharibiwa papo hapo, na protini inayoitia alama ya kuharibiwa ni ile inayotokana na jeni ya VHL.

Mtu aliyerithi ugonjwa huu ana nakala moja nzima ya jeni hiyo na moja mbovu katika kila seli. Nakala nzima inatosha, mpaka siku ambayo seli moja, kwa bahati mbaya, inaipoteza. Katika seli hiyo hakuna tena wa kumnyamazisha mpiga mbiu. Oksijeni ipo tele, damu inapita jirani, lakini mbiu inalia usiku na mchana kwamba kuna ukame. Mishipa inaitika. Inachipua, inanenepa, inavutwa kuelekea kwenye kilio, na kwa kuwa imejengwa kwa haraka kuta zake zinavuja. Maji na mafuta yanapenya chini ya retina na kutiririka hadi kwenye kitovu chake, mahali tunapotumia kusoma na kutambua nyuso. Hapo ndipo mgonjwa anapohisi kitu kwa mara ya kwanza, wakati chanzo kiko mbali pembezoni na kimekuwapo muda mrefu. Asipotibiwa, retina yaweza kubanduka, presha ya jicho ikapanda, na uoni ukazimika.

Hapa ndipo ugumu wote wa ugonjwa huu unapokaa. Pembezoni mwa retina hatupatumii sana kuonea kwa makini, kwa hiyo nukta ikianzia huko haina maumivu na haina kivuli. Mwenye jicho hana namna ya kujua. Lazima mtu mwingine atazame.

Kutoka penseli hadi rangi inayowaka

Madaktari wa enzi za von Hippel walichora. Walitazama kwa jicho moja kupitia oftalmoskopu, wakaweka kalamu karatasini, wakatazama tena. Michoro yao ni mizuri hata leo, lakini mchoro hutegemea mkono na kumbukumbu ya mchoraji, na mkono huchora kile ambacho akili imekwisha kukiamini.

Picha za kwanza za retina ya mtu aliye hai zilichapishwa Uingereza mwaka 1886 na Jackman na Webster. Mtu alilazimika kukaa bila kutikisika kwa dakika mbili na nusu huku mwanga ukimwingia jichoni, na kilichopatikana ni ukungu wenye duara na vivuli vya mishipa. Kamera ya kwanza ya retina iliyouzwa madukani ilitoka 1926, kazi ya Msweden Nordenson na kiwanda cha Carl Zeiss. Mwaka huohuo, katika nchi hiyohiyo ya Nordenson, Lindau alikuwa akiwasilisha tasnifu yake. Chombo cha kuuona ugonjwa na uelewa wa ugonjwa vilizaliwa pamoja, ingawa vilichukua muda kukutana.

Picha ya kawaida, hata ikiwa safi namna gani, huonyesha mishipa ilivyo na kuficha inachofanya. Wanafunzi wawili wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani, Harold Novotny na David Alvis, ndio waliopata njia ya kuionyesha damu ikitembea. Walitumia fluoresini, rangi iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na mkemia Adolf von Baeyer mwaka 1871. Ukiimulikia mwanga wa buluu, yenyewe hurudisha mwanga wa kijani. Walirusha sarafu kuamua nani atadungwa kwanza, na kura ikamwangukia Alvis. Jarida la macho liliikataa makala yao. Ikachapishwa 1961 katika jarida la madaktari wa moyo na mzunguko wa damu. Ndani ya miaka michache kipimo chao kilikuwa kimeenea duniani kote.

Anayefanyiwa kipimo hiki hudungwa rangi kwenye mshipa wa mkono. Sekunde 10 hadi 15 baadaye rangi imefika jichoni, na kamera inaanza kupiga picha mfululizo. Baadhi ya watu huhisi kichefuchefu kinachopita upesi. Ngozi huwa na umanjano kwa saa chache na mkojo hubadilika rangi kwa siku nzima. Wachache sana hupata mzio mkali, kwa hiyo dawa za dharura huwekwa karibu. Katika jicho la VHL picha hizo husimulia kisa kwa mpangilio. Kwanza inang'aa ateri inayolisha. Kisha tufe linajaa mwanga ghafla kama taa iliyowashwa. Kisha vena inang'aa mapema kuliko wenzake, maana damu imepita njia ya mkato. Dakika zikisogea, mwanga unatoka nje ya mipaka ya tufe na kutanda, kama wino kwenye kitambaa chenye maji. Huo ndio uvujaji wenyewe. Na mara nyingine, mbali na tufe ambalo kila mtu amekwisha kuliona, kinawaka kitone kidogo ambacho picha ya rangi ya kawaida haikukionyesha kabisa.

Tatizo lililobaki lilikuwa upana. Kamera za kawaida huona nyuzi 30 hadi 50 za retina kwa mara moja, yaani sehemu ya kati, ilhali vivimbe vingi vya VHL hukaa ukingoni. Mhandisi wa Scotland, Douglas Anderson, alikuwa na sababu yake ya kulichukia pengo hilo: mwanawe alipoteza uoni wa jicho moja akiwa na umri wa miaka mitano, baada ya kubanduka kwa retina kugunduliwa kwa kuchelewa. Kampuni aliyoianzisha, Optos, ilitengeneza mashine inayotumia leza na kioo chenye mbonyeo kuchukua nyuzi 200 kwa mpigo mmoja, zaidi ya asilimia 80 ya retina. Mtoto asiyeweza kutulia kwa muda mrefu anaweza kupigwa picha ya namna hiyo kabla hajaanza kuchoka.

Hatua iliyofuata iliondoa sindano. Mwaka 1991 kundi la watafiti wa Marekani, wakiwamo David Huang na James Fujimoto, lilitangaza kipimo kinachoitwa OCT, kinachotumia mwangwi wa mwanga kupima tabaka za retina kama vile mashine ya ultrasaundi inavyotumia mwangwi wa sauti. Baadaye kikazaliwa kipimo dada kinachoonyesha mishipa. Mashine hupima mahali pamoja mara kadhaa mfululizo kwa haraka sana; kilichobaki vilevile ni tishu, kilichobadilika ni damu inayopita. Kompyuta hutenganisha hayo mawili na kuchora mtandao wa kapilari tabaka kwa tabaka, bila rangi wala sindano. Kwa uvimbe ulioota karibu na neva ya jicho, ambako kila sehemu ndogo ya milimita ina maana, ramani hiyo ni msaada mkubwa. Mipaka yake nayo ifahamike: eneo inalopima kwa mara moja ni dogo, na haionyeshi uvujaji. Daktari mzuri haachi kipimo kimoja kwa sababu kipya kimefika.

Picha ikishapatikana

Tungekuwa tunakusanya mapambo tu, kama baada ya kuona hatungeweza kutenda. Mwezi Julai 1945 jua lilipatwa, na daktari kijana wa Ujerumani, Gerhard Meyer-Schwickerath, alikutana na majeruhi wa macho waliolitazama bila kinga. Alitafakari yale makovu madogo yaliyoachwa na mwanga kwenye retina zao. Kama mwanga unaweza kuunguza kwa bahati mbaya, kwa nini usiunguze kwa makusudi, mahali palipochaguliwa? Mwaka 1949 alikuwa akitumia vioo kuuelekeza mwanga wa jua ndani ya macho ya wagonjwa huko Hamburg. Kutoka kazi hiyo zikaja taa maalumu, kisha leza ya leo. Uvimbe wa VHL wenye ukubwa wa milimita moja hivi huweza kuzimwa kwa leza, wakati mwingine kwa kikao kimoja. Mkubwa zaidi huhitaji kugandishwa kwa baridi kali au upasuaji, na matokeo yake hayana uhakika uleule. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jicho ukuta haujengeki upya.

Vivimbe vilivyoota juu ya neva ya jicho ndivyo vinavyowakosesha madaktari usingizi, kwa kuwa leza inayovichoma itaichoma na neva. Kwa wenye vivimbe hivyo limekuja tumaini kutoka maabara zilezile za oksijeni. Dawa ya belzutifani huizuia aina moja ya mpiga mbiu HIF, iitwayo HIF-2. Katika utafiti wa wagonjwa 61 wa VHL uliochapishwa 2021, wagonjwa 12 walikuwa na vivimbe vya retina katika macho 16, na macho yote 16 yalionekana kupata nafuu. Mwezi Agosti mwaka huo dawa iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa VHL wenye vivimbe vya figo, kongosho au mfumo wa fahamu visivyohitaji upasuaji wa haraka. Ina gharama yake mwilini. Mbiu ya HIF-2 ndiyo pia inayoamuru chembe nyekundu za damu zitengenezwe, kwa hiyo wengi wanaoitumia hupungukiwa damu. Na mjamzito hapaswi kuigusa kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Lakini dawa wala leza haviwezi kuanza kazi kabla ya mtu kuiona nukta, na nukta ndogo haitambuliki kwa urahisi katika picha moja. Je, kitone hiki ni uvimbe unaoanza, au ni mahali mishipa miwili ilipopishana? Njia ya kujua ni kuweka picha ya mwaka huu pembeni ya ile ya mwaka jana, na ile ya mwaka juzi, na kufuata kila mshipa kutoka chanzo hadi mwisho. Ndiyo sababu mtoto mwenye jeni hii huanza kuchunguzwa macho katika mwaka wake wa kwanza wa maisha, akarudi kila mwaka. Picha zake za mwanzo hazina kitu, na ni hizo zisizo na kitu zinazokuja kumwokoa. Bila hizo, nukta ya mwaka wa nane haina cha kulinganishwa nacho.

Kipimo cha damu cha jeni nacho kina sehemu yake katika albamu hii. Ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuishi na hofu moja, ilhali wawili kati yao hawakurithi chochote. Wakishapimwa, hao wawili huachana na matone, mashine na vipimo vya MRI vya kila mara, na nguvu zote zikaelekezwa kwa wanaozihitaji.

Kiti kimoja, magonjwa mengi

Msomaji wa Mbeya au Kisumu anaweza kuuliza yeye ana nini na ugonjwa wa mtu mmoja kati ya 36,000. Jibu limo katika kiti kilekile cha kliniki. Selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao Afrika Mashariki tunaujua kwa uchungu, nao huziba mishipa midogo ya ukingoni mwa retina. Sehemu iliyonyimwa damu hupiga mbiu, safari hii kwa haki, na mishipa mipya huchipua ikiwa na umbo la upepeo, kama aina ya matumbawe bapa ya baharini ambayo madaktari waliyatumia kuipa jina. Kamera pana inayotafuta nukta ya VHL ndiyo inayoyaona matumbawe hayo, na rangi ileile inayowaka ndiyo inayofichua uvujaji wake. Kisukari nacho hupita njia hiyohiyo ya VEGF. Ugonjwa adimu uliwafundisha wataalamu kusoma lugha ambayo magonjwa ya wengi huizungumza.

Kamera hizo ni ghali, na hapa Kenya ina hadithi yake. Andrew Bastawrous, daktari wa macho kutoka Uingereza, alikwenda na familia yake kuishi Nakuru kufanya utafiti wa macho vijijini. Kikosi chake kilibeba mashine nzito za hospitali hadi mahali ambapo umeme na barabara ni vya shida, huku simu za mkononi zikiwa zimefika kila kijiji. Kutokana na taabu hiyo kikabuniwa kifaa cha kupachika kwenye simu ili ipige picha ya retina, na utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba picha zake za kichwa cha neva ya jicho zilikaribiana na za kamera ya kawaida. Simu huona katikati, haiuoni ukingo wote. Kwa ukingo bado kuna taa inayovaliwa kichwani na lenzi inayoshikwa mkononi, chombo kilichokuzwa na Charles Schepens miaka ya 1940, ambacho kwa mikono iliyofunzwa hufika hadi mwisho wa retina kwa gharama ndogo. Kinachohitajika zaidi ya hapo ni daktari ambaye, akikuta tufe jekundu lenye mishipa miwili minene, hatatibu jicho na kumruhusu mgonjwa aende zake. Atauliza: "Nyumbani kuna nani mwingine aliyepoteza jicho? Kuna aliyefariki kwa uvimbe kichwani, au kwa figo?"

Turudi kwa mtoto tuliyemwacha kitini. Picha yake ya leo imewekwa kwenye kioo pamoja na ya mwaka jana. Daktari anafuata mishipa kwa ncha ya kalamu, mshipa baada ya mshipa, kwanza juu, kisha chini, kisha pembe ya upande wa sikio ambako nukta hupenda kukaa. Mama amesimama nyuma yake na hasemi kitu. Analijua jicho lake mwenyewe lilivyoanza, na anajua kwamba wakati ule hakukuwa na picha ya zamani ya kulinganisha.

"Hakuna kitu," daktari anasema hatimaye, na anaihifadhi picha hiyo kwa uangalifu uleule ambao angeihifadhi yenye ugonjwa.

Mtoto anateremka kitini. Mboni zake bado ni pana, mwanga wa nje utamchoma, na hawezi kusoma kibao cha mlangoni. Anampa mama mkono ili amwongoze. Tarehe ya mwakani imekwisha kuandikwa kwenye kadi.